Siku Moja Hiroshima: Anza na Majonzi, Malizia Baharini

Msomaji mpenzi, ukibahatika kufika Japani na familia yako, huenda ukashauriwa uende moja kwa moja kisiwani Miyajima, ukapige picha lile lango jekundu lililosimama baharini. Ushauri si mbaya. Lakini ukikimbilia huko kwanza, utakuwa umeuona uso wa Hiroshima. Moyo wake hujauona.

Hebu tuandamane. Asubuhi panda tramu nambari 2 kwenye stesheni kuu, ushuke penye gofu lenye kuba. Jengo hili lilimalizika mwaka 1915. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la atomiki la Wamarekani lililipuka angani, kama mita 600 juu ya mji. Waliokuwa ndani ya jengo walikufa wote. Baadhi ya kuta zikabaki. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu wapatao 140,000 walikuwa wamepoteza maisha.

Ukivuka mto utaingia Bustani ya Amani. Humo mna mnara wa watoto, uliojengwa mwaka 1958 kwa michango ya wanafunzi, kumkumbuka Sadako Sasaki. Bomu lilipoanguka alikuwa na umri wa miaka 2. Baadaye aliugua saratani ya damu, akafariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Hospitalini alikuwa akikunja korongo wa karatasi, akitumaini kupona. Hadi leo watoto huleta korongo wao hapo. Mfundishe mwanao kukunja mmoja kabla hamjasafiri.

Je, watoto waingie ndani ya makumbusho? Humo mna baiskeli ya magurudumu matatu iliyoungua, ya mvulana wa miaka 3 aliyefariki siku ile, pamoja na picha zinazotisha hata watu wazima. Kwa maoni yangu, wadogo wabaki bustanini na mzazi mmoja. Wakubwa waingie, ila wasiachwe peke yao na maswali yao.

Mchana onjeni okonomiyaki: chapati nyembamba inayopikwa juu ya bamba la chuma, ikarundikiwa kabeji, nyama, tambi na yai. Nyama aghalabu ni ya nguruwe, kwa hivyo asiyeila aseme mapema.

Kisha pandeni tena tramu nambari 2 hadi mwisho wa njia, Miyajimaguchi, mwendo wa kama saa moja. Waambie watoto kwamba siku 3 tu baada ya bomu, tramu zilianza tena kutembea katika sehemu ya mji huo.

Feri huvuka kwa dakika 10 hivi. Lango la hekalu la Itsukushima, la mwaka 1875, lina urefu wa mita 16 hivi na halikuchimbiwa chini. Husimama kwa uzito wake lenyewe. Maji yakijaa, huonekana kana kwamba linaelea. Yakipwa, mtalifikia kwa miguu. Ulizia saa za maji kabla ya kuondoka mjini. Na jihadharini na kulungu wa kisiwani, maana hula hata ramani!

Jioni, njiani kurudi, watoto watakuuliza kwa nini lile gofu halikubomolewa. Waambie kwamba wenyeji walibishana miaka mingi. Wapo waliotaka liondolewe, kwa kuwa liliwatonesha kidonda. Mwaka 1966 baraza la mji likaamua lihifadhiwe. Mazungumzo hayo ndiyo zawadi mtakayorudi nayo nyumbani, kuliko picha zote za lango.