Nchi Inayokausha Viazi kwa Jalidi

Mkulima wa Kinangop akitoka nje alfajiri na kuona majani ya viazi vyake yamekuwa meusi kwa jalidi, hujua ya kuwa usiku mmoja umeharibu kazi ya miezi. Lakini iko nchi ambako mkulima wa viazi, akiisha kuvuna, huitazama mbingu jioni akitamani jalidi ije, na tena ije kali. Nchi hiyo ni uwanda mkubwa ulioko kati ya safu mbili za milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini, sehemu yake moja ikiwa Peru na nyingine Bolivia. Katika uwanda huo limo Ziwa Titicaca, ambalo maji yake yako kiasi cha futi 12,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu asimamaye ufukoni mwake akiosha miguu ni kama amesimama karibu na kilele cha mlima Kinangop.

Miti ni haba huko, na upepo hauna kizuizi. Mahindi humea katika sehemu chache tu zilizokingwa na baridi, hasa kando ya ziwa. Wanyama wa nchi ni llama na alpaca, jamaa wa ngamia wasio na nundu. Watu wake ni Waaimara na Wakechua, na chakula chao tangu zamani ni viazi. Msomaji aliyezoea kuviita viazi vya Ulaya, au viazi vya kizungu, na ajue kwamba hata huko Ulaya vilifika kama mgeni, katika karne ya 16, navyo vilitoka katika milima hii.

Mavuno huja miezi ya Aprili na Mei. Baada yake, mwezi wa Juni na wa Julai, huja majira ya ukavu, ambapo mchana jua huwaka katika mbingu isiyo na wingu, na usiku maji huganda yakawa barafu. Hapo ndipo kazi inapoanza. Viazi vidogo huchaguliwa, pamoja na aina fulani ambayo haidhuriki upesi na baridi shambani lakini ni chungu mno kuliwa ikiwa mbichi. Hutandazwa juu ya nyasi mahali tambarare, safu moja tu, kisha huachwa. Usiku wa kwanza huganda, na mchana jua likiwaka huyeyuka. Usiku wa pili huganda tena, na wa tatu vivyo hivyo. Barafu ikijiunda ndani ya kiazi huvipasua vile vifuko vidogo vidogo vinavyoshika maji, hata kiazi kikiyeyuka huwa laini kama sifongo iliyolowa.

Basi hukusanywa katika mafungu madogo, na jamaa nzima, wake kwa waume, huyakanyaga kwa miguu mitupu. Maji hutoka na maganda huvuka. Msomaji asidhani kwamba ni mchezo, maana viazi hivyo ni vya baridi sana, na lazima vikanyagwe kwa uangalifu ili visisagike vikawa uji. Kisha hutandazwa tena juani kwa muda wa siku kumi au kumi na tano, hata viwe vyeusi, vyepesi, na vigumu kama kokoto. Kitu hicho huitwa chuño. Kwa kuwa karibu sehemu nne katika tano za kiazi ni maji, ratili 100 za viazi hutoa kiasi cha ratili 20 tu za chuño. Lakini ratili hizo 20 haziozi wala hazichipuki, na zikiwekwa mahali pakavu hukaa miaka mingi.

Iko na namna nyingine, nyeupe, ambayo Waaimara huiita tunta. Viazi vikiisha kuganda hufunikwa mchana visipigwe na jua, halafu hutiwa katika maji ya mto yanayokwenda, navyo hukaa humo majuma kadhaa. Maji huondoa uchungu wote. Baadaye hugandishwa tena, hukanyagwa na kukaushwa, vikatoka vyeupe kama chokaa. Tunta ya Ilave, karibu na mji wa Puno, inajulikana sana katika Peru, na bei yake hupita ile ya chuño nyeusi.

Mpishi huloweka chuño usiku kucha kabla ya kuichemsha, akaila na jibini au mayai, au akaitia katika mchuzi wa nyama uitwao chairo, unaopendwa sana La Paz. Mgeni hashangilii ladha yake mara ya kwanza. Vitamini C karibu yote hupotea katika kukausha, lakini ile wanga inayomshibisha mtu hubaki.

Wafalme wa Inka waliijua thamani ya chakula hicho. Walijenga maghala mengi katika nchi yao, wakaweka chuño pamoja na mahindi kwa ajili ya majeshi yao na kwa miaka ya njaa. Wahispania walipoishinda nchi, na fedha ilipogunduliwa katika mlima wa Potosí mwaka 1545, maelfu ya wenyeji walitiwa kazini chini ya ardhi, na chakula chao kikawa chuño. Pedro Cieza de León, mwandishi Mhispania ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1553, aliandika kuwa wako wenzake waliotajirika na kurudi kwao kwa kuipeleka chuño Potosí tu na kuiuza. Waliokesha katika baridi na kuikanyaga kwa miguu yao hawasemwi kwamba walitajirika.

Mahali pasipo na jalidi watu wa Peru wana njia nyingine. Huchemsha viazi, huvimenya, huvikata vipande vidogo, na kuvianika juani hata viwe vikavu kabisa. Kuchemsha kwanza ni jambo la lazima, maana kiazi kibichi kikiachwa juani hugeuka rangi ya kijani na kuwa na sumu. Kenya nayo imewahi kukausha viazi: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Karatina, huko Nyeri, kilikausha mboga na viazi kwa chakula cha askari, lakini vita vilipokwisha kikafungwa, ingawa wakulima walitaka kiendelee. Njia ya Peru haihitaji kiwanda. Sufuria, kisu, mkeka safi na siku kadhaa za jua kali hutosha, ingawa mvua ya ghafula huweza kuharibu kazi yote.

Lakini katika uwanda wa Titicaca sasa iko hofu mpya. Dunia inazidi kupata joto, na barafu ya milima ya Andes inapungua. Ile ya Chacaltaya, karibu na La Paz, ambako watu walikuwa wakiteleza kwa mbao juu ya theluji, ilikwisha kabisa mwaka 2009. Wakulima husema kwamba usiku wa jalidi hauna miadi tena kama zamani. Mzee aliyezoea kujua majuma ya kutandaza viazi vyake huweza kuvitandaza leo, na baridi isitoshe kesho wala kesho kutwa. Na viazi vilivyolala nje hivyo, bila kuganda, haviwezi kungoja: jua huvigeuza kijani, au vyaanza kuoza, na jamaa huviokota kimoja kimoja wakitenga vinavyofaa bado kuliwa.