Nyuki zetu na njia ya kisima

Tangu mambo ya ile mbuzi kila mtu ana neno lake juu ya nyuki. Wengine wanatuita wachawi wa asali, wengine wanauliza kama tunataka kuua watoto wa watu. Sisi wa darasa la mwisho, tunaochunga mizinga miwili ya kule kwenye mikaratusi, tumeona afazali tuandike ginsi kazi hii iko, mbele ya komite kukata neno.

Hatukuanza juu ya franga. Tulianza kwa mzee mmoja jirani anayetundika mizinga ya magogo tangu ujana wake. Yeye alitukataza kugusa. Miezi miwili tulikaa tu kando ya mlango wa mzinga wake tukitazama: nani anarudi na unga wa manjano kwenye miguu, nani anasimama akipepea mabawa ili hewa iingie, nani anapigana na siafu. Kwa kijana anayependa mpira ni kazi ya kuchosha sana. Lakini pale ndipo tulipojifunza kusikia kama nyuki wametulia ao wamekasirika, na hakuna kitabu kinachofundisha sauti ile.

Mizinga yetu si magogo. Ni masanduku yenye vijiti vya kupangwa juu, ile namna iliyotengenezwa Kenya miaka ya 1970. Kila kijiti kina upana wa milimeta 32, ndicho kipimo cha nyuki wa Afrika. Seremala alitukatia vya 40, akasema tofauti ni kidogo tu. Kwa nyuki si kidogo! Kijiti kikiwa kipana, wanajenga masega kwa kupindapinda na kuyaunganisha, na ukiinua moja unapasua mengine. Tulimrudishia, akanuna, akakata tena. Tukapaka nta kidogo chini ya vijiti ili harufu iwaite, tukatundika masanduku kwa waya, na kwenye waya tukafunga kitambaa chenye mafuta machafu ya motere juu ya siafu. Kisha kungoja. Mzinga wa kwanza ulipata kundi kisha wiki tano. Wa pili ulikaa bule mwaka muzima.

Wenzetu wa biolojia watafurahi na hili: malkia anatoka kisha siku 16, mfanyakazi 21, dume 24. Tena dume hana baba, kwa maana anatoka katika yai lisilopata mbegu. Tuliposema hivyo kule bwenini, walicheka mpaka kapita (ndio sisi wenyewe) akazima taa.

Tunafungua mzinga jioni, na moshi wa majani makavu. Moshi unawafanya nyuki wajaze tumbo asali, tena unafunika harufu yao ya vita. Harufu ile inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo usile ndizi mbele ya kwenda. Ukichomwa, kwangua mwiba mara moja, sababu kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu. Na mtu akivimba mwili muzima ao pumzi ikikatika, ni dispensere saa ile ile, si kesho.

Asali tunachukua masega yaliyofungwa kwa nta tu. Yale yasiyofungwa yana maji mengi, asali yake inachacha. Masega ya watoto hatugusi. Wanaochoma mzinga kwa moto wanakula mara moja, na kundi limekufa.

Sasa mbuzi. Ilifungwa kamba hatua chache mbele ya mzinga, jua kali, haikuweza kukimbia. Ilikufa. Mwenyewe alikuja na mafuta ya taa ili achome yote, na hatumlaumu, mbuzi ni karo ya mtoto. Tulimlipa kwa franga za asali, zote. Halafu komite ikasema: hamisheni mizinga mita sitini, mbali na njia ya kisima. Ndipo tukaomba watusikilize. Nyuki anakumbuka mahali, si sanduku. Ukiihamisha mita sitini, wale wa kazi watarudi kwenye mti wa zamani, na watazunguka pale pale juu ya wachota maji, bila nyumba. Inafaa kupeleka mbali, kilometa kadhaa, usiku, ao kuiacha.

Tulichofanya ni ua wa matete, urefu mita mbili na nusu, kati ya mizinga na njia. Nyuki wakitoka wanalazimika kupanda, na wanapita juu ya vichwa vya watu. Tangu ua usimame hakuna aliyechomwa njiani. Komite imetupa mpaka mwisho wa mwaka. Mtu mmoja akichomwa njiani, mizinga inaondoka.

Shida ni kwamba mwisho wa mwaka sisi tuko kwenye Egzeta, kisha tunaenda makwetu. Matete yanaoza kwenye mvua, inafaa kubadilisha nguzo mbili za upande wa mto. Wa darasa la tano wenye kutaka, waje Siku ya Posho saa kumi na moja ya jioni, na nguo ya mikono mirefu. Mafuta ya kunukia wayaache bwenini.