Fundo la Nyololo

Ukisafiri kwenda Mbeya kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ukishaipita Mafinga utafika Nyololo, kijiji cha Wilaya ya Mufindi ambako njia huchepuka kuelekea mashamba ya chai. Mimi mtu wa pwani nilishuka hapo nikitetemeka kwa baridi, na mkobani nina makala ya Kiingereza niliyopewa niifasiri. Sentensi moja ilikuwa imenigomea. Yasema kwamba jina la kijiji hiki na la mwandishi wa habari Daudi Mwangosi yameungana, na ubavuni mwa kitenzi limekaa neno "inextricably".

Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa hapa kwa bomu la machozi tarehe 2 Septemba 2012, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuja kufungua tawi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Sikusomeshwa ufasiri; mwalimu wangu ni kamusi. Ikanipa "kwa namna isiyotenganishika", maneno ya ofisini, hayana pumzi. Wahenga wakanipa chanda na pete. Lakini pete huvaliwa kwa hiari, na hapa hapakuwa na harusi. Mzizi wa Kilatini wa neno lile ni vikwazo vilivyomnasa mtu asiweze kujinasua. Nikalikumbuka letu: tata. Nyuzi zikitatana, huzitatua. Lakini kwetu nguo iliyotatuka ni nguo iliyochanika. Hapo nikasita.

Wanakijiji niliowaona walikuwa katika shughuli zao, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Kijiji hakikuua. Je, ni haki kukifunga na kifo kimoja milele? Na nikikifungua, si nitakuwa nimelichana jina la marehemu?

Nimeandika "yamefungamana". Kiingereza huliweka fundo nje ya kitenzi. Kiswahili hulitia ndani. Ni "funga", kisha "-am-" ya hali iliyotulia, kisha "-an-" ya kutendana, hata kila upande ukawa umemshika mwenziwe. Kijiji chalitunza jina la mtu, na jina la mtu lawafanya wageni kama mimi washuke kijijini. Kielezi cha Kiingereza nimekiacha. Sikuona tena pa kukitia.