Unauliza Kama Nani?

Shule nilizosomea zilitoa alama kwa majibu. Sikumbuki hata siku moja mtu akipewa alama kwa kuuliza. Ukiinua mkono mara ya pili, wenzako wa nyuma wanaguna: wacha mwalimu amalize twende zetu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kupatikana, nilitoka na ujuzi mmoja, kujibu haraka nilichoulizwa.

Kazi ya kuandika ilitaka kitu kingine. Mteja hukutumia ujumbe wa mstari mmoja: tunataka makala ya maneno 800 kuhusu mikopo yetu, Ijumaa. Ni kama mgonjwa aliyeingia kwa daktari akasema nipe dawa.

Mwaka jana sacco moja ilinipa kazi ya aina hiyo. Kodi ilikuwa imechelewa, na njaa ina ushauri wake: andika, peleka, ulipwe, usisumbue watu. Wako wengi wanaoingoja hiyo kazi. Hata hivyo nilimuuliza meneja kitu kimoja. Wanachama wakifika kaunta kuulizia mkopo, swali lao la kwanza huwa gani?

Hakujua. Akaniunganisha na dada wa kaunta, naye akanijibu kabla sijamaliza: "Wanauliza kwa mshahara itabaki ngapi." Si riba, si miaka ya kulipa. Itabaki ngapi mwisho wa mwezi. Makala yote yakageuka hapo. Kumbe dada huyo alikuwa amekaa na jibu miaka minne, hatua chache kutoka mlango wa meneja, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alieleza jambo hili kwa mfano wa mashine katika kitabu chake cha 1978. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa na mzigo. Kwa nini imezidiwa? Beringi haikupata oili ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini? Hakuna chujio, vipande vya chuma vimeingia ndani. Wangekomea swali la kwanza, wangebadilisha fyuzi tu, na mashine ingesimama tena. Kama umewahi kupeleka gari Kirinyaga Road, unamjua fundi wa kubadilisha vitu, na unamjua yule anayekuuliza kwanza hiyo sauti ilianza lini.

Lakini si kila swali ni zuri. "Sasa unataka niandike aje?" ni kumrudishia mteja mzigo wake. Afadhali useme: nimeona njia mbili, nachukua hii kwa sababu wasomaji wenu ni walimu, kuna kitu sijaona? Hapo umeonyesha umefikiria, na bosi anaweza kujibu akiwa kwa matatu.

Hata pesa ni hivyo. Ukiuliza "mtalipa lini?" utaambiwa hivi karibuni, na hivi karibuni haina tarehe. Siku hizi nauliza kabla ya kuanza kazi: nani huidhinisha malipo, na huwa ofisini siku gani? Swali hilo hunipa jina na siku, na mwenye nyumba anaelewa siku.

Sitakudanganya kwamba kuuliza hakuna gharama. Mteja mmoja aliniandikia "unauliza sana" akampa mwingine kazi, na mwezi huo dada yangu ndiye alinilipia kodi. Halafu kuna ofisi ambako kila swali hujibiwa kwa lingine: unauliza kama nani? Tarishi, mlinzi na mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi ndio hulisikia kwanza, kisha wananyamaza, na ofisi inaendelea kubadilisha fyuzi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema ni bure. Mimi naendelea kulipa, kwa sababu nimeona upande wa pili unagharimu zaidi. Na nikiingia ofisi mpya, kabla ya kumwona meneja, huwa naangalia ni nani hapo ambaye hakuna mtu humuuliza kitu. Namsalimia, nakaa, naanza naye.