Pesa za mlangoni zilienda wapi?

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na nitaileta. Leo naomba ruhusa nitoke nje ya mstari kidogo. Nataka kusimulia habari za bendi changa, ukumbi mdogo mjini Bungoma, na programu niliyoiandika nikiwa na hasira. Programu yenyewe ilinichukua siku mbili. Aibu iliyotokana nayo bado ninayo.

Nianze na mdogo wangu. Anapiga gitaa katika bendi ya vijana wanne wa Kitale. Hufanya mazoezi kwenye stoo ya mahindi ya mjomba wetu, upande wa Kiminini. Wanaoijua Trans Nzoia watacheka hapo: baada ya mavuno stoo hujaa hadi darini na bendi hukosa pa kwenda. Stoo ikiwa nusu, hakuna studio inayoishinda, kwa sababu magunia ya mahindi hunyonya mwangwi vizuri ajabu.

Muziki wao wenyewe wanauita posti-hadikoo. Kwa asiyeujua: gitaa hunguruma, mapigo hubadilika ghafla, na mwimbaji hunong'ona mstari mmoja kisha mstari unaofuata anaupigia mayowe kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Mama alipowasikia mara ya kwanza aliuliza kama huyo mtoto wa watu amepelekwa hospitali.

Roki ya Kenya kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Nairobi na kuishia Nairobi. Majina yanayotajwa ni Parking Lot Grass, Murfy's Flaw, Last Year's Tragedy, Crystal Axis. Halafu kuna Duma, yaani Martin Kanja na Sam Karugu, waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na kelele zao zikasikika hadi Ulaya. Sasa tazama ramani. Njia kuu moja ya kutoka Nairobi kwenda Kampala inapita Webuye na Bungoma kabla ya kufika Malaba. Muziki hutupita usiku ndani ya basi, sisi tukiwa tumelala.

Hata hivyo huku Magharibi sisi si wageni wa bendi ndogo zisizo na vifaa. Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa watu watatu, gitaa mbili na chupa ya Fanta ya kukwaruza. Mwaka 1989 rekodi zao zilitolewa London na watu wakashangaa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba vijana wetu wanaiga wazungu, nitamuuliza ile chupa ilitoka kwa nani.

Basi, mjini Bungoma kuna jamaa anayetengeneza simu karibu na steji, na kila mwezi Jumamosi moja huandaa usiku wa bendi changa katika chumba cha nyuma cha baa. Mapatano yao na mwenye baa ni rahisi: vinywaji ni vyake, mlango ni wa bendi. Kiingilio ni shilingi 200. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa wikendi kuwa saa 8 mchana hadi saa 5 usiku, na mwenye baa hataki mchezo na saa hizo. Ndiyo maana "usiku" wetu huanza saa 10 jioni jua likiwa bado kali.

Huyu jamaa ni bakoki wangu. Kwa wasio Wabukusu, maana yake ni kwamba tulitahiriwa msimu mmoja. Huo ni undugu ambao mtu huenda nao kaburini, na naomba mkumbuke jambo hilo mkisoma yanayofuata.

Julai 2024 mdogo wangu na wenzake walisafiri kwa matatu kutoka Kitale, gitaa zikiwa mapajani, wakashuka Webuye, wakapanda nyingine hadi Bungoma. Walipiga vizuri. Mwisho wa usiku bendi nzima ilipewa shilingi 1,000. Watu wanne! Mimi nilikuwepo, na kwa tabia ya kazi yangu nilikuwa nimehesabu vichwa. Walikaribia mia moja. Mia moja mara 200 ni 20,000. Bendi zilikuwa tatu na kila moja ilipata 1,000. Nikauliza mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyekunywa kidogo:

"Bakoki, hizo 17,000 zingine umekula peke yako?"

Hakujibu. Aliinama akaendelea kukunja nyaya. Nilichukua ukimya ule kuwa ni kukiri kosa.

Nikarudi Kitale nikaketi mbele ya kompyuta. Wazo lilikuwa hili: kila senti inayoingia mlangoni ionekane na kila mtu, papo hapo. Anayelipa kwa Lipa na M-Pesa, taarifa ya malipo inakuja moja kwa moja kwenye seva yangu kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia watengeneza programu mwaka 2017. Anayelipa taslimu, mtu wa mlangoni anabonyeza kitufe. Jumla inaonekana kwenye skrini kuukuu niliyoitundika ukutani. Intaneti ikikatika, simu ya mlangoni inahifadhi nakala na kuituma baadaye. Nikaongeza ukurasa wa matumizi, kila tumizi na picha ya risiti yake. Mwisho, kwa kuwa mdogo wangu alinisihi, nikaongeza kitufe kimoja kidogo cha kijivu kilichoandikwa BURE, kwa ajili ya wageni wa wasanii. Ukikibonyeza, kinakudai jina la aliyemleta mgeni.

Nilimpelekea bakoki programu nikitarajia akatae. Aliitazama, akasema, "Sawa. Hata mimi itanisaidia." Nikajiambia, mwizi mjanja huyu.

Usiku wenyewe ulikuwa Agosti. Mwaka 2024 ukiugawa kwa 2 haubaki kitu, na kila mtu wa Bungoma anajua maana yake: ni mwaka wa tohara. Barabara zote zina wavulana wanaogonga chinyimba, vikundi vya watu vinawafuata wakiimba, na muziki huo haulipiwi kiingilio. Nilihofu hatutapata watu. Walikuja, wengine wakiwa bado na vumbi la kukimbia na watahiriwa.

Walioanza walikuwa dada na kaka kutoka Webuye, gitaa moja na sauti mbili, nyimbo za taratibu ambazo vijana huziita indii. Wakafuata watatu wa hapo Bungoma wenye ngoma, besi na litungu. Naam, litungu la Kibukusu lenye nyuzi saba, ila limeunganishwa kwenye kisanduku cha kuvuruga sauti kama gitaa la metali.

Hapo niliingia mimi na kazi ya mikono. Walikuwa wamebandika kwenye ngozi ya litungu kile kisahani kidogo cha piezo kinachopatikana ndani ya kengele za kielektroniki. Kinanasa mtikisiko vizuri na bei yake ni ndogo. Tatizo ni kwamba kisahani hicho hakipendi kuchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Mikisa inakivuta kupita nguvu zake, sauti nzito zinapotea, na litungu linalia kama redio ya betri iliyochoka. Dawa ni saketi ndogo katikati, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi. Nilikuwa nimeichomelea nyumbani ndani ya kopo la Kimbo. Mpigaji alipogusa uzi mnene wa kwanza, sakafu ilitetema. Mlinzi wetu mmoja, mzee wa makamo, aliacha lango akaja kusimama katikati ya ukumbi na kofia mkononi. Dakika zile wajanja kadhaa walipenya bila kulipa, na hao hawamo katika hesabu yoyote.

Vijana wa Kitale walifunga usiku. Stima ilipotea saa 2, jenereta likaungurumishwa, wakaendelea walipoachia. Mwimbaji alimaliza wimbo wa mwisho akiwa amelala chali sakafuni, na watu waliomzunguka walikuwa wakiimba maneno ambayo mimi nilidhani ni familia yetu tu inayoyajua.

Saa 5 ilipofika tukakusanyika mbele ya skrini, bendi zote tatu, mwenye baa, walinzi na mimi. Hii hapa hesabu.

Waliolipa: 61. Jumla shilingi 12,200. Kukodi vyombo vya sauti 6,000. Petroli ya jenereta 1,500. Walinzi wawili 1,400. Zilizobaki 3,300. Kila bendi 1,100.

Nikatafuta kosa katika programu yangu. Nikapitia risiti moja moja. Hapakuwa na kosa. Nikamgeukia bakoki nikamuuliza kuhusu Julai, sasa kwa sauti ya chini.

Alitoa daftari la shule kutoka mfuko wa nyuma. Julai walilipa watu 47, yaani 9,400. Vyombo 6,000, walinzi 1,400, kutengeneza kipaza sauti kilichoangushwa 1,200. Zilibaki 800. Bendi tatu zilipewa 3,000. Ile tofauti ya 2,200 ilitoka mfukoni mwake, pesa za kubadilisha vioo vya simu za watu.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ungeniomba daftari, bakoki, ningekupa siku ile ile. Hukuomba. Ulitangaza."

Mdogo wangu, ambaye hana adabu, akabonyeza ukurasa wa BURE. Wageni 33. Programu ilikuwa imewapanga kwa majina ya waliowaleta, kuanzia mwenye wengi. Wa kwanza katika orodha nilikuwa mimi. Wageni 9: binamu zangu watatu, wenzangu wa kazini wanne, jirani, na mtu ambaye hadi leo sikumbuki ni nani. Kila mmoja nilimpitisha kwa mkono wangu mwenyewe, nikijisikia mtu mkubwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangelikuwa na skrini, wangeongeza kwamba kiko juu kabisa ya orodha.

Wale 33 wangelilipa, zingeingia 6,600 zaidi. Kila bendi ingeondoka na 3,300 badala ya 1,100, mara tatu kamili. Pesa zilizokuwa "zinaliwa" hazikuwahi kufika mlangoni, na waliozizuia ni sisi tunaojiita mashabiki wa kwanza.

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wale wale waliosikia nikimtuhumu. Sikutaka kumtuhumu hadharani kisha nimwombe radhi kwa ujumbe wa simu. Aliniambia yameisha, kisha akanipa nyaya nikunje. Nilizikunja zote.

Wiki iliyofuata tulikaa. Mmoja alishauri kiingilio kipande hadi 500. Nikawakumbusha Fugazi wa Washington, ambao ni kama babu wa posti-hadikoo na walijulikana kwa kuweka kiingilio cha dola 5 hata walipokuwa na jina kubwa. Mwanafunzi wa Bungoma mwenye 500 ataiweka kwenye kitu kingine. Tukaacha 200. Tulichobadilisha ni kitufe. BURE sasa ni cha wanaopanda jukwaani tu. Rafiki, binamu, mchumba na mtengeneza programu wanabonyezewa NUSU, shilingi 100. Na bakoki anachukua 500 zake za jasho kabla ya kugawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na ambalo sisi hatukuwahi kuliwaza.

Hatujawa matajiri. Usiku uliofuata kila bendi ilipata 2,050. Vijana wa Kitale walilipa nauli, wakanunua seti mbili za nyuzi na kula chapati Webuye wakirudi. Mdogo wangu alinipigia simu kunieleza kuhusu hizo chapati kana kwamba ni mkataba wa kurekodi.

Anayeandaa usiku kama huu mahali alipo na angependa programu hii, aniandikie, nitampa bure. Neno hilo nimelitumia hapo kwa mara ya mwisho. Nitamwomba kitu kimoja tu: kabla hajaiweka, aombe kwanza kuona daftari.

Haya, hifadhidata wiki ijayo. Safari hii kweli.