Mulot na Kondoo Wake Wekundu

Msafiri atokaye Narok kwenda Bomet huvuka mto Amala mahali paitwapo Mulot. Nyuma yake huacha mbuga za malisho za Wamasai. Mbele yake huanza vilima vya Wakipsigis, penye mahindi na, juu zaidi, mashamba ya chai. Nchi kavu na nchi ya mvua hukutana hapo, na kwa sababu hiyo mfugaji wa Mulot hana budi kufikiri sana kabla ya kuchagua kondoo.

Kondoo wa asili wa upande huu ni yule mwekundu wa Kimasai. Rangi yake ni kama ya udongo mwekundu, mkia wake ni mnene kwa mafuta, na manyoya yake ni mafupi, si sufu ya kukatwa. Umbo lake si kubwa.

Mshindani wake ni Dorper, mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi, aliyepatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Huyu hukua upesi, huwa mzito, na sokoni huleta bei nzuri. Basi tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kenya wamewapandisha kondoo wao wekundu kwa madume wa Dorper, hata wekundu halisi wamekuwa adimu.

Lakini yuko adui asiyejali bei. Ni mnyoo mwembamba akaaye katika tumbo la nne la kondoo na kumnyonya damu. Mayai yake hutoka pamoja na mavi, huanguliwa penye unyevu, na vijidudu vyake huliwa pamoja na majani. Mwenye kondoo na afunue ukope wa chini: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, damu imepungua. Uvimbe chini ya taya nao ni dalili.

Kati ya 1991 na 1996 wataalamu waliwalinganisha wana-kondoo wa aina hizo mbili huko Diani, katika unyevu wa pwani ya Kenya. Wekundu walikuwa na mayai machache zaidi ya minyoo katika mavi yao, na waliokufa walikuwa wachache kuliko wa Dorper. Penye ukavu, Dorper naye hustawi.

Dawa ya minyoo ipo, ila ikitumiwa ovyo minyoo huizoea. Kinga ya kondoo mwekundu imo katika uzao wake, wala haiuzwi dukani. Uzao huo ukipotea, hakuna fedha itakayourudisha. Apendaye uzito wa Dorper na awe nao, lakini aweke kando majike wachache wekundu halisi pamoja na dume lao. Mvua zikizidi, hao ndio watakaobaki zizini.