Msingi wa Kombo

Kwetu pwani nyumba huhama. Mtu wa bara akisikia hivyo hudhani namsimulia habari za majini, lakini aliyekulia kati ya Kunduchi na Saadani anajua ninachosema. Bahari ikisogea, mwenye nyumba naye husogea, na hasogei mikono mitupu. Kunduchi maji yalikula ufukwe mpaka hoteli zikalazimika kupanga mawe kuingia baharini ili kuvunja mawimbi. Kaole mambo yalikwenda kinyume: mchanga ulijaa, mikoko ikaota, bahari ikauacha mji na msikiti wake wa karne ya 13 bila bandari. Penye kuliwa na penye kujaa, fundi wa nyumba hakosi kibarua.

Kazi yangu nimeifanya Bagamoyo tangu ujana, kwanza nikiwa saidia fundi, mbeba karai na mchekecha mchanga, baadaye kwa mwiko wangu mwenyewe. Nimehamisha nyumba za udongo, na nimezitia misingi mipya nyumba za mawe ambazo haziwezi kuhama. Mara moja tu nilihamisha nyumba ya mawe, na hiyo nitaifikia.

Ya udongo ndiyo iliyonifundisha. Haikupigiliwa misumari, ilifungwa kwa kamba za usumba, kwa hiyo hufunguliwa. Unaanza juu. Makuti yaliyopigwa na masika matatu manne hayabebeki, ni ya kuwashia moto. Zinafuata pau na makombamoyo, halafu mwamba unateremshwa kwa kamba, na hapo ndipo wazee waliokaa kivulini hupiga kelele kuliko wanavyosaidia. Udongo unagongwa kutoka kwenye fito na kurundikwa. Ukilowekwa na kukanyagwa upya, mimi naona unakandika vizuri kuliko udongo mbichi. Mwisho zinang'olewa nguzo.

Nguzo ya mkoko au msinzi ikiwa hewani hukaa umri wa mtu na zaidi. Inapooza ni pale inapoingia ardhini, kwenye shibiri mbili za kwanza, na mchwa naye huanzia papo hapo. Ukiing'oa unakata mguu ulioharibika, na nguzo imepungua futi moja, pengine moja na nusu. Ukienda kuisimika mahali papya kwa kina kilekile, mama mwenye nyumba ataingia kwake akiinama. Ndiyo maana nyumba inayohama hutakiwa itiwe msingi wa mawe hata kama ile ya zamani haikuwa nao: nguzo za pembe unazishindilia ndani ya msingi, nyingine unazikalisha juu yake, na kimo kilichopotea kinarudi kutoka chini. Nyumba ikihama hupungua. Kazi ya fundi ni kuamua ipungue wapi.

Nilikuwa bado kijana wakati wa Operesheni Vijiji, 1974 hadi 1975. Wenzetu wa Rufiji walitutangulia, wao waliondolewa bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Siasa yake nawaachia wenyewe. Nilichokiona mimi ni mizigo: aliyehamishwa kwa haraka alibeba mlango na mabati, aliyehama kwa hiari yake alibeba nguzo. Miaka mingi baadaye niliweza kuingia nyumba ya kijijini na kwa kutazama nguzo tu nikajua mwenyewe alihama vipi.

Nyumba za mawe ni habari nyingine. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha dhiraa moja, dari za boriti. Mjerumani alipouhamishia Dar es Salaam mji mkuu wake mwaka 1891, biashara ikaondoka pole pole na wenye nyumba wakaifuata. Nyingi zimeachiwa warithi walioko Zanzibar, Maskati, Bombay na kwingineko, na nyumba ambayo kila mtu anayo haina mtu wa kuzibua mfereji wake. Maji ya paa yakimwagika mahali pamoja masika baada ya masika, mchanga ulio chini ya msingi unatoka, na ukuta unashuka pembe moja. Barabara nayo inapanda. Kila kifusi kinachomwagwa mtaani kinaishusha baraza, mpaka kizingiti kilichokuwa juu ya watu kinakuwa chini ya mtaro.

Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 tulipata kazi nyingi za namna hiyo. Kutia msingi chini ya ukuta uliosimama hakuhitaji nguvu, kunahitaji moyo wa kungoja. Unaegemeza ukuta kwa mirunda, unagawa urefu wake katika mapande ya mita moja hivi, unayatia namba kwa mkaa, halafu unachimba pande la kwanza, unaruka la pili na la tatu, unachimba la nne. Huchimbi kamwe mapande mawili yanayopakana. Ndani ya shimo unateremka hadi udongo mgumu, unapanga mawe kwa chokaa, na kabla hujafika kwenye tumbo la ukuta wa zamani unaacha nafasi ya vidole vitatu. Unaondoka. Unaacha ujenzi ukae, ushuke unavyotaka kushuka. Ukirudi ndipo unaijaza ile nafasi kwa vigae vya mawe na chokaa kavukavu, unaigonga kwa ubao mpaka mlio unabadilika: mwanzoni ni mfu, mwishoni unalia kama mtungi mzima. Mlio ule ndio unaokwambia ukuta umepokewa, na mpaka leo sijaona kipimo cha dukani kinachonitosheleza kama huo.

Wenye nyumba wengi hutaka saruji, kwa sababu hukauka upesi na kiwanda kiko hapo Wazo Hill tangu 1966. Saruji ni nzuri kwa matofali ya saruji. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukiupaka saruji unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, unabeba chumvi, na baada ya muda lipu inavimba na kuanguka pamoja na uso wa jiwe. Nimebishana na wateja juu ya jambo hili hadi wengine wakaniita mshamba. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883, ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, simu yangu haikupoa. Watu walewale walikuwa wanauliza kama nyumba zao ziko salama.

Sasa nyumba ile niliyosema. Ilikuwa katika kijiji cha kusini mwa mji, karibu mno na maji, ya ghorofa moja, chumba cha mbele na vyumba viwili vya nyuma, imeshapoteza paa. Mwenyewe alikuwa bibi mjane, na mwanawe alikuwa injinia Dar es Salaam. Walikuwa na kiwanja cha familia upande wa bara wa kijiji, juu ya mwinuko. Bibi alitaka nyumba yake kule, siyo nyumba nyingine, yake.

"Mzee wangu, shikamoo," injinia aliniambia, "tutahesabu kila jiwe, tutaandika namba, tutapanga vilevile. Misri walifanya Abu Simbel." Alikuwa amesoma: 1964 hadi 1968 mahekalu yale yalikatwa vipande na kuinuliwa mita 65 hivi kukimbia maji ya bwawa la Aswan. Nikamwambia marahaba, Abu Simbel ni mwamba mmoja uliokatwa kwa msumeno. Huu ukuta ni mawe ya mkononi, kila moja na umbo lake, yamekaa pamoja kwa sababu ya chokaa. Ukiuvunja unapata rundo. Namba utaandika juu ya nini?

Kinachohama katika nyumba ya namna hii ni mlango, boriti, na mawe kwa uzito wake. Mlango ulikuwa wa nakshi, miimo yake mizima, mfaa umepasuka kidogo. Mlango uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo tulitoa taarifa na kupata ruhusa kabla mtu hajagusa bawaba. Nawaambia vijana hili kila siku, maana wanunuzi wa milango hawakosekani, nao hawaulizi umri wake mpaka wafike bandarini.

Boriti nilizishusha mwenyewe. Boriti ya mkoko ndiyo inayopima chumba cha pwani. Haipiti futi tisa kumi, ndiyo maana vyumba vyetu vya mawe ni virefu na vyembamba. Mikoko leo ni hifadhi ya serikali, hukati bila kibali, kwa hiyo boriti nzima ya zamani ni mali. Kila niliyoitoa niliichonga alama kichwani kwa patasi, kwa mpangilio wa kutoka mlangoni kwenda nyuma. Nilipozilaza chini kwa zamu yake, nikaona jambo: zilikuwa zinarefuka. Ya kwanza fupi, ya mwisho ndefu kwa karibu shibiri moja. Chumba cha Bibi kilikuwa kombo tangu siku ya kwanza, na waliokijenga walichagua boriti kukifuata.

Injinia alikuwa ameshaseti msingi. Kamba zimenyooka, pembe zimepimwa kwa tatu, nne, tano, kila kitu mraba. Nikamwita nikamwonyesha boriti. Ukijenga mraba kwa upana wa mwanzo, boriti za nyuma utazikata ncha zilizo nzima. Ukijenga kwa upana wa mwisho, za mbele hazitafika ukutani. Na zote zilikuwa zimeshapungua, kwa kuwa boriti huozea masikioni, pale inapoingia ukutani, kama nguzo inavyoozea mguuni.

Tulimpelekea Bibi shauri. Alikuwa amekaa mkekani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnagombania nini huko?"

Nikamweleza. Akacheka. "Kitanda changu kinaingia pembe ile ya upana, na kasha linaingia pembe ya wembamba. Ukininyooshea chumba, kasha nitaliweka kichwani?"

Basi tulichimba msingi wa kombo. Tuling'oa vigingi vya injinia, nikasogeza kamba ya ukuta mmoja kufuata urefu wa boriti, na saidia fundi wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemchukia mteja. Msingi tuliupa upana wa mara moja na nusu ya ukuta, mawe ya nyumba ya zamani yakaingia yote na hayakutosha. Chokaa tulitumia ya Tanga; siku za kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo ufukweni zimepita, na zimepita kwa haki. Juu ya ukuta, chini ya dari, niliacha ukingo unaotokeza ndani kiasi cha kiganja, ili boriti zilizopoteza masikio zipate pa kukaa. Ukiingia leo unauona, mstari mnene unaozunguka chumba. Wageni hudhani ni pambo.

Injinia, namsifu, alikuja kila wikendi. Aliuchora ule ukombo kwenye karatasi na vipimo vyake, akaniambia ofisini kwao hawaamini kwamba ni makusudi. Siku ya kuhamia waliita walimu, wakasoma Yasini, ubani ukapita chumba hadi chumba, na wanawake walipika pilau kwa ajili ya kijiji kizima. Kasha liliingia mahali pake. Kitanda kilikataa mlangoni, ikabidi kifunguliwe, lakini hilo ni kosa la seremala wa kitanda.

Boriti mbili zilikuwa zimeoza mno masikioni, hazikufika hata kwenye ukingo. Bibi akanipa hizo juu ya ujira wangu. Zimebeba tangi la maji nyuma ya nyumba yangu, lita 1000, hazijapinda. Mwenye hoteli mmoja ameziona na anazitaka za kupambia ukumbi wake, anapandisha bei kila akipita. Nimemwambia aanze kwa kuniletea kitu kingine cha kuwekea tangi.